Kivuli Kilichobaki Kiooni

Mara ya kwanza nilipokiona kile kivuli nilidhani ni uchafu. Ilikuwa jioni ya mwezi wa pili, mwaka 2025, katika kibanda cha mjomba wangu hapa Katwe. Mechi ilikuwa imefika mapumziko, na kabla ya matangazo kuanza, kioo cha runinga kikajaa rangi ya kijivu kwa sekunde chache. Ndani ya kijivu hicho niliona mkanda mpana uliokatiza chini ya kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na juu kulia niliona umbo dogo la mraba. Nikachukua kitambaa, nikapanda juu ya benchi, nikafuta. Mkanda haukutoka. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akacheka, akasema, “Wewe unafuta habari za jana!”

Alisema kweli. Ule mkanda ulikuwa mahali pale pale ambapo kila siku hupita maandishi ya habari za michezo, na ule mraba ulikuwa nembo ya stesheni. Stesheni yenyewe hatukuwa tunaitazama wakati huo, lakini alama zake hazikuwa zimeondoka. Watu wakaendelea kula karanga zao na kubishana kuhusu penalti. Mimi nilibaki juu ya benchi na kitambaa mkononi, nikihesabu kichwani bei ya runinga ile.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya ni lazima nieleze kwanza kibanda ni nini. Kwa Kiganda tunasema ekibanda, na wenzetu wa Dar es Salaam wana kibanda umiza, ambacho ni ndugu yake. Ni chumba chenye mabenchi, runinga na spika kubwa, ambamo watu hulipa kiingilio kidogo watazame mpira au filamu. Huku kwetu filamu nyingi hutafsiriwa na mtu tunayemwita vijei, anayesimulia kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji na kuongeza vichekesho vyake. Mjomba, ambaye sisi Waganda humwita Kojja, amekuwa na kibanda chake tangu mimi sijaanza shule ya msingi. Nilipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu ndiye aliyenipokea Kampala. Analipa sehemu ya ada yangu, na mimi namsaidia kukusanya kiingilio jioni. Hata Kiswahili changu kilianzia humo. Nilikuwa nikisikiliza watangazaji wa mechi za Simba na Yanga na kushangaa kwamba mtu anaweza kuusifu mguu wa kushoto kwa maneno mengi namna ile.

Runinga ile aliinunua mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Qatar. Ilikuwa ya inchi 55, ya aina ya OLED, iliyokwisha kutumika na kuletwa kutoka Dubai. Alilipa shilingi 2,400,000. Nusu yake ilikuwa mkopo wa chama chao cha akiba. Nakumbuka tulivyoiwasha mara ya kwanza. Filamu ilianza na usiku, na usiku wa kwenye kioo ulikuwa usiku kweli, si ule wa kijivu tuliouzoea. Mjomba alizima taa ya chumba, akasimama mlangoni na kunyamaza. Kisha akasema, “Hii itatulipa.” Na kwa kweli ilitulipa. Katika hatua ya makundi ya Kombe la Dunia palikuwa na siku za mechi nne, ya kwanza saa saba mchana na ya mwisho saa nne usiku, na mabenchi hayakutosha.

Baada ya Kombe la Dunia, Mjomba hakutaka runinga ya bei kubwa ikae bure mchana. Akawa anaiwasha saa nne asubuhi katika stesheni ya habari za michezo, vijana waingie kusoma matokeo na kununua soda. Iliwaka hivyo hadi saa sita usiku, nayo ikiwa imepandishwa mwanga hadi mwisho, kwa kuwa mlango wa kibanda hukaa wazi na jua huingia. Hayo ni masaa 14 kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya masaa 5,000, na katika sehemu kubwa ya masaa hayo ule mkanda na ile nembo havikuhama hata kidogo.

Siku ya pili baada ya kukiona kivuli nilikwenda kwa fundi. Hapa Katwe mtu hahangaiki kumtafuta fundi. Ukitoka kwenye mnara wa saa na kushika barabara ya Entebbe, utaanza kusikia nyundo kabla hujawaona wanaozipiga. Wapo wanaotengeneza majiko, milango ya chuma, mizani na mashine za kusaga mahindi, na wapo wanaofufua redio na runinga zilizokwisha kuzikwa na wenyewe. Wageni wengi wanaijua Katwe kwa sababu ya filamu ya Malkia wa Katwe iliyotoka mwaka 2016, juu ya Phiona Mutesi na mchezo wa sataranji. Sisi tunaoishi hapa tunaijua kama mahali ambapo kitu kikiharibika hakitupwi. Nimekulia katika imani hiyo. Kwa hiyo nilipokuwa nikienda kwa fundi sikuwa na wasiwasi juu ya dawa. Nilikuwa na wasiwasi juu ya bei yake.

Fundi huyu ni mzee wa makamo ambaye ametengeneza runinga tangu enzi za zile zenye kisogo kirefu. Alikuja kibandani mwenyewe, akaomba tuweke picha ya rangi moja. Niliitoa kwenye simu, nikaiweka kwenye flashi, tukaionyesha. Kijivu kwanza, halafu nyekundu, halafu njano. Kwenye nyekundu kivuli kilionekana wazi kuliko kwenye rangi nyingine. Fundi alikitazama kwa muda, akagusa kioo kwa kidole kana kwamba anampima mtoto homa, kisha akasema neno moja la Kiganda: “Ekooye.” Maana yake, imechoka.

Nikamuuliza atabadilisha nini. Akanieleza kwamba katika runinga za kawaida za siku hizi kioo chenyewe hakina mwanga. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo, na taa hizo zikifa yeye huzibadilisha, kazi ya saa moja. “Hii haina taa nyuma,” akasema. “Kila nukta ni taa yake yenyewe. Kuitengeneza ni kubadilisha kioo kizima, na bei ya kioo kizima ndiyo karibu bei ya runinga.” Alikataa hata pesa ya usumbufu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona fundi wa Katwe akiondoka bila kufungua skrubu hata moja.

Nilirudi chuoni nikiwa sijaridhika, nikaanza kusoma. Nitaeleza niliyoyaelewa, kwa sababu wengi wetu tutakuja kununua vitu hivi kabla ya kuvielewa.

Herufi ya kwanza katika jina OLED inasimama kwa kampaundi za kaboni, zile ambazo umeme ukipita ndani yake hutoa mwanga. Mwaka 1987 wanasayansi wawili wa kampuni ya Kodak, Ching Tang na Steven Van Slyke, walichapisha makala juu ya kifaa cha namna hiyo kilichofanya kazi kwa umeme mdogo. Mwaka 2007 Sony wakauza runinga ya kwanza ya aina hiyo, ya inchi 11 tu, na kufikia mwaka 2013 zilikuwepo za inchi 55. Uzuri wake ni kwamba nukta isiyotakiwa kuwaka huzimika kabisa, ndiyo maana usiku ukawa usiku katika kibanda chetu. Lakini kampaundi hizo huchakaa kwa kutumika. Nukta iliyowaka sana hupungukiwa na nguvu, na zile za bluu huchakaa haraka kuliko nyekundu na kijani. Kioo chote kikitumika sawasawa, chote hufifia pamoja na jicho halijui. Tatizo huja pale sehemu moja inapofanya kazi nyingi kuliko jirani zake. Nembo ikikaa mahali pamoja kwa maelfu ya masaa, nukta za mahali hapo huzeeka kabla ya wenzake. Unapoweka rangi moja kioo kizima, zile zilizozeeka hushindwa kuifikia, na upungufu wao ndio unaouona kama kivuli.

Jambo hili si geni kabisa. Vioo vya zamani vya bomba viliweza kubaki na maandishi, ndiyo maana kompyuta zikawekewa zile picha za kutembeatembea zinazotokea mtu akiacha kuitumia. Na ipo picha inayonata kwa dakika chache kisha ikaondoka yenyewe. Hiyo si ugonjwa. Yetu haikuondoka.

Nilisoma pia juu ya jaribio la RTINGS, wapimaji wa vifaa walioko Kanada. Kuanzia mwaka 2018 waliziwasha runinga sita za OLED za aina moja kwa masaa 20 kila siku, kila moja na kipindi chake. Zilizokuwa na stesheni ya habari, yenye mkanda na nembo visivyohama, zilipata madoa. Zilizokuwa na picha za kubadilikabadilika zilistahimili zaidi. Nikajiona mjinga. Kumbe sisi nasi hapa Katwe tulikuwa tunafanya jaribio lile lile, ila kwa pesa za mkopo.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa jambo dogo, nalo ni plagi. Runinga hizi zina namna ya kujitunza. Zikishatumika masaa kadhaa, kwa nyingi ni masaa manne, halafu zikazimwa kwa rimoti, hubaki zimeamka kidogo ndani kwa ndani. Hupima nukta zake na kurekebisha umeme unaokwenda kwa kila moja ili mwanga ulingane. Kazi hiyo hufanyika kioo kikiwa cheusi, wewe ukidhani imelala. Sharti lake ni moja: umeme usikatwe ukutani.

Na Mjomba hukata umeme ukutani kila usiku. Hajawahi kusahau. Ana sababu tatu, na zote ni za mtu mwenye akili. Kwanza, umeme wetu ni wa kulipia kabla, tunauita Yaka, neno ambalo kwa Kiganda maana yake ni “waka”, na mwanafunzi yeyote wa isimu ataona udugu wake na Kiswahili. Hakuna mtu anayetaka yuniti zake ziliwe usiku na kitu kilichozimwa. Pili, sisi tuko karibu na Ziwa Viktoria, na radi za huku si za mchezo. Jirani yetu mmoja alipoteza redio na jokofu kwa ngurumo moja. Tatu, duka likiungua Katwe, swali la kwanza la watu ni nani aliacha plagi. Kwa hiyo kila usiku baada ya mteja wa mwisho kutoka, Mjomba huinama nyuma ya meza, huchomoa waya, huushika mkononi na kuutazama kidogo, kisha hufunga mlango. Kwa zaidi ya miaka miwili, runinga ile haikupewa usiku hata mmoja wa kujipima. Tulichokifanya ili kuilinda ndicho kilichoinyima dawa yake. Kitabu cha maelezo kingetuambia, lakini kitu kilichotumika hakiji na kitabu.

Nilimweleza Mjomba. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Kwa hiyo ni mimi?” Nikasema si yeye peke yake, kuna pia mwanga uliopandishwa na stesheni isiyobadilishwa. Akatikisa kichwa. Usiku ule aliacha plagi ukutani, na mvua ilipoanza saa nane nilimsikia akiamka na kwenda kuichomoa.

Tulijaribu tuliyoweza. Nilishusha mwanga. Nilitafuta ndani ya mipangilio ile kazi kubwa ya kusafisha kioo, nikaiendesha kwa saa nzima, na kivuli kikapungua kidogo kwenye kijivu, lakini kwenye nyekundu kikabaki. Nikapata video zinazodai kuponya. Moja ilionyesha rangi kinyume, yaani mahali pa mkanda peusi na kwingine kote peupe, iachwe usiku kucha. Nikampigia fundi simu kumuuliza. Akanijibu kwa mfano ambao sijausahau. Akasema nilitazame jiwe la kunolea la wahunzi pale njiani, lile lililobonyea katikati kwa sababu kila kisu hupita hapo. “Ukitaka jiwe hilo liwe sawa tena,” akasema, “huwezi kujaza shimo. Utasaga kingo mpaka zishuke zilingane na shimo. Hiyo video yako inasaga kingo.” Nikaizima.

Wakati huohuo mhadhiri wetu wa istilahi alikuwa ametupa kazi: kila mmoja achague dhana moja ambayo Kiswahili hakijaipatia jina lililokubalika, apendekeze majina matatu na kuyatetea. Wenzangu walichagua dhana za benki na za hali ya hewa. Mimi nikaleta kivuli cha kibandani kwetu.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa kuungua kwa kioo, kwa sababu Waingereza husema hivyo, kwamba kioo kimeungua ndani. La pili, kivuli cha kudumu. La tatu nililolipenda lilikuwa sugu ya kioo. Nilieleza kwamba sugu ni alama inayotokana na kazi ya kurudiarudia, kama ile ya kiganja cha mhunzi, na kwamba tunasema pia ugonjwa sugu, yaani usiotoka. Darasa likalipokea vizuri. Mwenzangu mmoja kutoka Mbale akasema hata paji la uso la mtu wa sala hupata alama, na hakuna anayesema paji hilo limeungua.

Mhadhiri alisikiliza kisha akaniuliza swali moja: “Wenye kazi wanaiitaje?” Nikasema fundi alisema imechoka. Akanitaka nifikirie kwa nini sikuliorodhesha neno hilo. Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimeliona kama neno la mtaani, la mtu asiyejua. Lakini nilipolilinganisha na nilichokisoma, niligundua kwamba ndilo sahihi kuliko yote. Hakuna kilichoungua mle ndani. Sugu nayo ni ngozi iliyoongezeka, na kioo hakikuongezewa kitu, kimepungukiwa. Kivuli kile si picha iliyobaki. Ni mahali ambapo nukta zilifanya kazi nyingi kuliko wenzake na sasa haziwezi kuwaka kama zamani. Fundi, bila makala ya mwaka 1987, alikuwa ametaja sababu. Mimi na Waingereza tulikuwa tumetaja sura tu. Mwishowe niliandika uchovu wa kioo, nikapata alama nzuri, na nikadhani habari ya runinga imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mitihani ya muhula ilikuwa inakaribia, na nilikuwa bado nadaiwa shilingi 650,000. Wateja wa kibanda walikuwa wameanza kulalamika, kwa sababu nyasi za uwanja ni za rangi moja na mkanda ulionekana ukipita katikati ya miguu ya wachezaji. Mjomba akaamua kuiuza runinga, anunue ya kawaida, na kilichobaki kiwe ada yangu. Akaniita. “Mujjwa wange,” akasema, yaani mtoto wa dada yake, “wewe ndiye unayejua mambo ya picha. Tafuta picha nzuri ya kuwaonyesha watu.”

Nilijua alichomaanisha, naye alijua kwamba najua. Nikatafuta video ya ndege wa msituni wenye manyoya ya rangi, wakirukaruka juu ya giza. Ilikuwa nzuri mno. Hata mimi niliyejua kivuli kilipo sikukiona. Nikaiweka kwenye flashi ile ile yenye picha ya kijivu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Nateete. Ana mgahawa, na alitaka runinga ili wateja wake watazame habari wakati wa chakula cha mchana. Mjomba alimkaribisha, akamwita nnyabo, akampa kiti chake mwenyewe. Nikawasha. Ndege wakaruka. Yule mama akaweka mkono kifuani, akasema hajawahi kuona rangi kama zile. Mjomba akataja shilingi 1,300,000. Mama akafungua mkoba, akauacha wazi mapajani, akauliza, “Ssebo, haina shida yoyote?”

Mjomba akajibu, “Nnyabo, si unajionea mwenyewe?”

Hakusema uongo. Kama ningeandika jibu lile katika mtihani wa pragmatiki, ningelipa alama zote. Yule mama akatabasamu, kisha akanigeukia mimi. “Na wewe mwanangu, wewe msomi, ungemnunulia mama yako?”

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikasema ukweli kwa ujasiri. Sikusema kitu. Nilichukua rimoti, nikafunga ndege, nikafungua kijivu. Mkanda ukaonekana, na mraba juu kulia. Nikaanza kueleza, haraka haraka kama mtu anayesoma ripoti, kwamba hili litazidi kama ataonyesha habari mchana kutwa, kwamba apunguze mwanga, abadilishe stesheni, na asichomoe plagi usiku isipokuwa kuna radi. Yule mama alisikiliza yote. Akafunga mkoba, akanishukuru kwanza mimi, kisha akamshukuru Mjomba kwa heshima ile ile aliyoingia nayo, akaondoka.

Mjomba hakunigombeza. Ningalifurahi kama angalinigombeza. Alikaa kwenye benchi la mbele, akitazama kioo cha kijivu, akasema polepole, “Mimi niliinunua hivyohivyo. Mwenye duka aliniwekea samaki.” Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Tulikuwa tumejilaumu kwa plagi na mwanga na stesheni, na kumbe hatukuwahi kuweka kijivu siku ya kwanza. Labda ilikuja kwetu ikiwa nzima. Labda uchovu ulianzia Dubai, katika ukumbi wa hoteli au sebule ya mtu, nasi tukaumalizia tu. Mjomba akainama, akachomoa plagi.

Baada ya wiki mbili nilirudi kutoka chuoni jioni nikakuta runinga nyingine ukutani, ya kawaida, yenye taa nyuma na usiku wa kijivu. Mjomba alikuwa anagawa karanga. Alinipa bahasha, akasema, “Soma.” Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya benki ya shilingi 650,000 iliyolipwa kwa jina langu, na ile flashi yangu.

Nilifanya mitihani. Nilifaulu, na somo la istilahi ndilo nililofanya vizuri zaidi. Sijui runinga ile iko wapi, wala aliyeinunua ni nani, wala aliambiwa nini. Ningeweza kuuliza. Kila jioni tunakaa pamoja mlangoni tukihesabu kiingilio, na kuna kimya cha kutosha kuuliza swali moja. Sijauliza, kwa sababu jibu likiwa lile ninaloliogopa, sitakuwa na ada ya kumrudishia mtu.

Wenzangu mnaosoma haya, mkienda kununua runinga iliyotumika, bebeni picha ya kijivu na picha nyekundu kwenye flashi, na msikubali kuonyeshwa ndege wala samaki. Hilo naweza kuwafundisha kwa uhakika. La pili sijui nilifundishe vipi. Flashi yangu ingali na picha zote mbili, ya ndege na ya kijivu, na mara nyingine usiku naifungua kwenye kompyuta na kuzitazama, nikijaribu kukisia ni ipi Mjomba aliitumia.